Laki Tisa za Kipa

Wiki iliyopita kijana mmoja alinipigia simu kutoka Mbeya. Ameajiriwa juzi kuwa katibu wa timu ya mpira, ana shahada, ana kompyuta, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajapata usingizi tangu ligi iishe. "Shikamoo mama," akasema. "Eti mshahara wa kipa unapangwaje?" Nikamwitikia marahaba, kisha nikacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kitenge. Nikamwambia swali hilo halijibiwi kwa simu, nitamwandikia. Na kwa kuwa najua hayuko peke yake, nawaandikia nyote mnaoingia kwenye kazi hii ya kukaa mezani ligi ikiisha na kuamua nani abaki, nani aende, na atakayebaki alipwe kiasi gani.

Mimi ni Mama Bupe. Nilikuwa katibu wa Mpunga Stars ya Ipinda kwa miaka mingi, na sasa nimestaafu, niko Ikolo na migomba yangu na kokoa kidogo. Mpunga Stars haikuwa timu ya mchangani. Ilikuwa timu ya wachezaji wa mishahara, ngazi moja tu chini ya wakubwa. Wakubwa hao tuliwaona kwenye televisheni tu, na siku tulipokutana nao kwenye kombe walitufunga sita. Hiyo nayo ni historia, siwezi kuificha.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Andongwisye, katibu aliyenitangulia, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniachia daftari na penseli. Kila ukurasa wa daftari ulikuwa na safu tatu: wa kubaki, wa kuondoka, na wa kuombea. Nikamuuliza hao wa kuombea ni akina nani. Akasema, "Hao ni wale ambao ukiwaacha utajuta na ukiwabakiza utajuta. Andika majina yao, nenda kanisani, urudi Jumatatu." Msidharau safu hiyo. Kompyuta zenu hazina.

Jambo la pili alilonifundisha ni kupanda ngazi. Usimtajie mchezaji bei yako ya mwisho. Anzia chini, akikataa panda kidogo, akikataa tena panda kidogo, na kila ukipanda shusha pumzi kama unayechomwa sindano. Nililishika somo hilo kuliko amri kumi. Nilijiona bingwa wa kupanda ngazi, na kilichonikuta mwaka ule nisingekipata kama ningekuwa mjinga. Nilikipata kwa kuwa hodari.

Lakini subirini, niwape kwanza makosa madogo ili mzoee.

Kuna mwaka nilimsajili kiungo kwa kuangalia video ya simu. Kijana alikuwa anapiga pasi za ajabu. Alipofika Ipinda, mpira ulikuwa unamkimbia. Baada ya wiki mbili akakiri kwamba yule wa kwenye video ni mdogo wake, yeye ndiye aliyekuwa anapiga picha. Nilipomuuliza kwa nini alikuja, akasema mdogo wake hapendi safari. Tangu hapo sikumsajili mtu kabla sijamwona akifunga kamba za viatu mbele yangu.

Mwaka mwingine tulimchukua winga mmoja kutoka Malawi, upande wa pili wa mto Songwe, Yusufu, mtu mpole, mguu wa kushoto wa dhahabu. Karatasi zake za uhamisho zilinizungusha mwezi mzima. Nikampangia nyumba nzuri na kuiingiza kwenye mkataba. Yusufu hakulala humo hata siku moja. Mazoezi yakiisha anapanda bodaboda hadi Kasumulu, anavuka mpaka, anakwenda kula kwa mke wake. Asubuhi anarudi. Maofisa wa pale mpakani walimzoea, wakawa wanamtania, "Leo umebeba nini?" Naye anajibu, "Mguu wa kushoto tu, ushuru wake analipa Mama Bupe." Ile nyumba kocha akaweka mahindi. Kwa hiyo mkiandika mkataba, muulizeni mtu anapenda kulala wapi kabla hamjamlipia kitanda. Mimi nilijifunza hilo kwenye nyumba. Sikujua kwamba lingenihusu na kwenye mshahara pia.

Sasa twende kwa kipa.

Msimu wetu huisha wakati mpunga unavunwa, na hapo ndipo mtu wa wilaya yetu ya Kyela humwoni mezani. Mikataba mingi nimeisainisha shambani, karatasi ikiwa juu ya gunia. Mwenyekiti wetu, Mzee Ambakisye, alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga pale Ipinda, na mashine ile ndiyo iliyolipa sehemu kubwa ya mishahara yetu. Mwaka ule aliniambia mapema kwamba ana milioni tisa kwa mwezi kwa wachezaji ishirini, na hata nikilia machozi ya damu hapati zaidi. Nikapanga, nikapangua. Nikafikia wachezaji kumi na wanane, na mfukoni ikabaki milioni moja na laki moja kwa majina mawili.

Jina la kwanza lilikuwa Asajile, mshambuliaji wetu, kijana wa hapa hapa Ikolo, ambaye bila mabao yake tungeshuka daraja. Alikuwa amekubali laki tano. Lakini timu moja ya Mbeya nayo ilimtaka, na alinieleza wazi: "Mama, nawasubiri ninyi mpaka kesho saa nane mchana. Nisiposikia kitu napanda gari." Asajile hakuwa mtu wa mikwara. Akisema gari, ni gari.

Jina la pili lilikuwa Gwamaka, kipa, nahodha, na mtoto wa kwanza wa mwenyekiti.

Mnaona mtego ulipo. Baba ndiye anayelipa, mtoto ndiye anayelipwa. Kwetu mtoto hapatani bei na baba yake. Ni aibu. Nilipompelekea Gwamaka habari ya mkataba, nilimkuta shambani anafukuza ndege kwenye mpunga, kazi ya watoto, wenzake wote wakiwa wameinama wanavuna. Akanipa mkono wa kushoto. Mimi, mtu mzima, napewa mkono wa kushoto. Akaomba radhi, eti wa kulia una tope. Nikautazama, hauna tope. Nikasema moyoni, hawa wakishakuwa manahodha hawataki jasho, na adabu wanaiacha golini. Akaniambia, "Mambo ya mkataba, mama, zungumzeni na mke wangu."

Mke wake, Tusekile, alikuwa anafanya biashara ya mchele Kasumulu. Wafanyabiashara wa pande zote mbili za mto walimjua. Alikuwa mtu wa kukuuliza bei, akatabasamu, akanyamaza, mpaka wewe mwenyewe unaishusha kwa aibu. Kwa hiyo nilipokwenda kwake nilikuwa tayari kwa vita.

Tatizo ni kwamba Tusekile na Mzee Ambakisye walikuwa hawaonani. Si kwa ugomvi. Ni mila yetu ya zamani Wanyakyusa: mkamwana na baba mkwe hawakutani. Hawakai chumba kimoja, hawatazamani, hawasemeshani, akipita huyu yule anapisha njia. Familia nyingi siku hizi zimelegeza, lakini mzee yule alikuwa wa kale. Miaka saba ya ndoa, na walikuwa wakiishi ua mmoja, alikuwa ameona mgongo wa mkamwana wake tu. Kila akitaka kutoka nje alikohoa mara mbili ili binti apate kukimbilia kwenye migomba. Na kipindi cha mavuno vumbi la mashine lilimpa kikohozi cha kweli, basi maskini Tusekile alikuwa anaacha sufuria motoni na kukimbia mara ishirini kwa siku, mzee wa watu hata hajainuka kwenye kiti.

Kwa hiyo kesho yake majadiliano yale yalifanyika hivi: mwenyekiti sebuleni na daftari langu mapajani, Tusekile jiko la nje anapepeta mchele, na mimi katikati ya ua, na viatu vyangu vya kisigino ambavyo nilivaa ili nionekane mtu wa maana.

"Ugonile, mwanangu?" nikamsalimia.

"Ndaga, juba. Karibu." Kwetu kumwita mama wa watu juba ni heshima. Akanisogezea kigoda.

Nikashusha pumzi ya sindano, nikataja laki tano. Tusekile akaendelea kupepeta. Akatabasamu. "Mwambieni baba tunashukuru sana," akasema, "lakini hapana."

Nikarudi sebuleni. "Amekataa tano."

"Lazima akatae," mwenyekiti akasema, na nikaona anaona fahari kidogo. "Yule ni mfanyabiashara. Panda."

Nikaenda na sita, ambayo ndiyo ilikuwa mwisho wa hesabu. Ungo ukaendelea kurusha mchele. "Mwambieni baba Mungu ambariki kwa moyo wake. Lakini hapana."

Sasa hapo mimi na mwenyekiti tukaanza kazi ambayo nawakataza kuifanya maisha yenu yote: tulitunga timu. Mtu anayekataa laki sita, tulisema, lazima kuna mtu amempa saba. Nani? Mwenyekiti akasema Mbeya. Mimi nikasema Mbeya wana makipa watatu, labda Dar. Akasema kumbe ndiyo maana juzi kuna gari jeupe liliegesha karibu na mashine. Nikasema na Tusekile ana watu wake upande wa Malawi. Baada ya robo saa tulikuwa na timu tatu zinazomgombea Gwamaka, moja ina uwanja wa nyasi bandia, na sisi wawili tumeziogopa zote.

"Mpe saba," mwenyekiti akasema.

"Laki ya juu inatoka wapi?"

Akaangalia daftari, akakata hela ya dobi. "Watafua jezi wenyewe. Sisi tulifua."

Saba nayo ilikataliwa, kwa tabasamu lile lile na baraka zile zile. Wakati narudi, kisigino cha kiatu changu kikabaki kwenye udongo wa ua. Nikavua vyote, nikaingia sebuleni peku.

Mzee Ambakisye akaitazama miguu yangu. Kisha akasema kitu ambacho nilikielewa kabisa, hata kama sikukipenda. "Mama Bupe, mimi ndiye mwenyekiti. Mwanangu akiondoka, pale sokoni watasema nimemfukuza. Watasema mzee amebania hela mpaka kwa mtoto wake wa kumzaa." Akachukua penseli. Akaweka mstari juu ya jina la Asajile. "Mpe laki tisa."

Ilikuwa imepita saa saba mchana. Moyo uliniuma kwa kweli. Mabao yote yale yamekatwa kwa mstari mmoja, na nilijua msimu ujao tutakuwa na kipa wa laki tisa anayeokota mipira nyavuni na hakuna wa kurudisha bao. Lakini nilikuwa mtumishi, na mtumishi hubeba ujumbe. Nikavuka ua peku kwa mara ya nne.

"Laki tisa," nikamwambia Tusekile. Hata pumzi sikushusha, haikuwepo.

Aliweka ungo chini. Nikajua sasa tumefika. Badala yake akafunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka na kulia pamoja.

"Juba," akasema, "kwa nini hamchoki?"

"Tuchoke vipi?"

"Nilijua nikikataa mara mbili mtachoka, mtasema huyu mwanamke ana tamaa, muacheni mume wake aende. Ninyi mnapanda tu."

Nikakaa kwenye kigoda. Na hapo, wanangu, baada ya safari nne, nikauliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza asubuhi. "Kwani unataka nini?"

"Nataka aachwe," akasema. "Aachwe vizuri, kwa heshima. Bega la kulia limekwisha. Daktari amesema akiliangukia tena, mkono hautanyanyuka. Sasa hivi hashiki mundu, hambebi mtoto. Usiku ananiomba nimvute shati. Lakini yeye hawezi kusema mbele ya baba yake, na mimi siwezi kusema kabisa. Nikimtoa mimi, baba atasema nimemharibia mtoto. Timu ikimwacha, ni mpira tu."

Nikakumbuka mkono wa kushoto. Nikakumbuka ndege kwenye mpunga. Nilikuwa nimemsajili mtu yule mara tano, nilijua namba ya viatu vyake, nilijua anadaiwa nini dukani, na bega lake lilikuwa mbele ya macho yangu nikaliita utovu wa adabu. Niliona aibu, na naiona hata sasa ninapoandika.

Nikarudi ndani. Mwenyekiti alikuwa amesimama.

"Amekataa," nikasema.

"Laki tisa? Anataka nini, mashine?"

"Anataka jina la Gwamaka liwe kwenye safu ya pili, Mwenyekiti."

Safu ya pili ni wa kuondoka. Alilijua daftari lile kuliko mimi. Nilingoja apige kelele. Hakupiga. Alikaa taratibu, akatazama mikono yake.

"Bega lipi?" akauliza.

"La kulia."

"Nilimwona kanisani," akasema. "Alishika kitabu cha nyimbo kwa kushoto, ibada nzima. Nikajifanya natafuta ukurasa."

Nikanyoosha mkono kuchukua penseli ili niandike mimi, maana ndiyo kazi yangu. Akaivuta. "Hapana. Huyu nitamwandika mwenyewe." Akaandika jina la mwanawe kwenye safu ya kuondoka, herufi moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayeandika juu ya msalaba. Halafu akafuta mstari juu ya Asajile kwa kidole kilicholowa mate, ukurasa ukachafuka mpaka leo.

Nilimpigia Asajile nikiwa bado peku. Alikuwa stendi. "Mama, nimeshakata tiketi," akasema. Nikamwambia asipande, tiketi nitamlipa mimi. Nililipa kwa hela yangu, na nilistahili.

Mwenyekiti akatoka nje. Akakohoa mara mbili, kikohozi cha heshima safari hii, na Tusekile akakimbilia migombani. Mzee akasimama katikati ya ua, akanigeukia mimi niliyekuwa ubavuni kwake, akasema kwa sauti ya kusikika Ikolo: "Mama Bupe, mwambie aliyeko huko kwamba kipa wetu amepumzishwa kwa heshima, na timu itamhitaji awafundishe makipa wadogo. Mwambie ndaga fijo, asante sana, kwa kumtunza."

Sauti ikatoka kwenye majani: "Juba, mwambieni baba nimesikia. Mwambieni tunashukuru sana."

Na mimi nikawa nimesimama pale, nikimweleza kila mmoja maneno ambayo wote tumeyasikia. Ndiyo kazi ya ukatibu, kwa ufupi.

Haikuishia hapo. Baada ya wiki mbili mzee aliamua kwamba hawezi kuendelea kuishi ua mmoja na mtu aliyemshinda bila kumwona uso. Kwa mila ya nyumba yao, baba mkwe akitaka kuondoa mwiko lazima atoe kitu cha uzito. Akanunua mtamba, ng'ombe mzuri mwekundu, akajaribu kuniambia nimwandike kwenye gharama za usajili. Nilikataa. Ni mara moja tu katika maisha yangu nilimkatalia mwenyekiti jambo, na najivunia.

Siku ya kumkabidhi tulikuwepo familia, kocha na mimi. Gwamaka alishika kamba ya ng'ombe kwa mkono wa kushoto, na safari hii hakuna aliyejifanya hajaona. Tusekile akaja, akapiga magoti, macho chini. Mzee akamwambia ainue uso. Kwa mara ya kwanza katika miaka saba wakatazamana, na sisi sote tukawa tunangoja neno la kwanza ambalo baba mkwe atamwambia mkamwana wake.

Mzee Ambakisye akakohoa, safari hii kwa sababu ya koo tu.

"Mwanangu," akasema, "ni kitu kimoja tu kinaninyima usingizi. Bega lingekuwa zima, ungetaka ngapi?"

Tusekile alifikiri kidogo, kama mtu anayeheshimu swali.

"Laki nne, baba," akasema. "Tena tungeshukuru."

Mwenyekiti akageuza shingo, taratibu, akanitazama mimi.